Kenge Alivyowatafuta Mbayuwayu Matopeni

— Paukwa!
— Pakawa.
— Pakawa na nini?
— Pakawa na paa la makuti, na kiota cha udongo chini ya paa.
— Na aliyesinzia?
— Mwenzake amfinye.

Basi hapo kale Bi Mbayuwayu alikuwa na makinda watatu waliochelewa kuota manyoya. Mvua zimekatika, wadudu wamepungua angani, na wenzake wote wamejipanga juu ya paa, chwi-chwi-chwi, tayari kuhama. Akawaomba wamngoje. Wakamwambia, "Siku tatu. Ya nne tunaondoka."

Siku ile ile Kenge akaja anapanda ukuta, kwaru, kwaru, kwaru. Kenge huyo alikuwa mlafi, lakini zaidi ya ulafi alipenda kujua yasiyomhusu.

Bi Mbayuwayu aliogopa. Akasalimia hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bwana Kenge."

"Marahaba. Nimekuja kula."

"Kula, bwana. Ila watatu hawa watakufikisha wapi, nasi tuko ukoo mzima?"

Kenge akasimama. "Hebu kwanza. Kila mwaka mvua zikikatika mnatoweka. Mnakwenda wapi?"

"Hiyo siri ya ukoo."

"Niambie tu, bibie. Inanikosesha usingizi."

"Hujatuona tukibeba matope mdomoni?"

"Nimewaona."

"Matope ya bwawani?"

"Ya bwawani."

"Basi kule tunachimba vyumba. Mvua zikiisha tunaingia chini ya matope, wote, tumenona, tunalala. Tangulia ukatungoje."

Kenge akameza mate, akashuka mbio.

Siku ya kwanza akachimba, kwaru, kwaru: matope. Siku ya pili akachimba, kwaru, kwaru: matope. Siku ya tatu jua likawaka, bwawa likakauka, mkia ukanasa. Siku ya nne kundi zima likapita juu yake, puruu, na makinda watatu katikati. Kenge hakuwaona. Alikuwa anatazama chini.

Mvua ziliporudi, mbayuwayu nao wakarudi, wakatua kando ya bwawa kuchota matope ya viota. Mvua ilikuwa imemnasua Kenge, amekonda kama ukuti. Akamwambia Chura, "Umewaona? Wana matope mdomoni. Wametoka huko huko chini. Mimi sikufika tu." Akaanza upya, kwaru, kwaru.

Kinda mmoja, sasa mkubwa, akauliza, "Mama, yule babu anatafuta nini?"

"Anatutafuta sisi."

"Tumwambie tuko hapa?"

"Mwache, mwanangu. Msomi hasumbuliwi akiwa kazini."

Ngano yangu nimeiacha bwawani, anayeitaka akaichimbe. Na funzo lake ni hili: mtu akikueleza jambo, msikilize vizuri. Wazee husema kenge hasikii mpaka aone damu. Wanamsingizia. Kenge alisikia kila neno aliloambiwa.