Tanki Juu ya Chumba cha Wageni

Wapendwa, mliowahi kuishi Tukuyu mnaijua baridi ya mwezi wa saba. Ukioga maji ya bomba unatoka bafuni meno yanagongana. Sasa huko kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, tumwite Mwalimu Ambindwile. Nyumba yake ilikuwa na boila ya kuni: jiko limejengwa nyuma ya ukuta wa jikoni, bomba linapanda mpaka darini, na huko darini limekaa tanki kubwa la maji ya moto. Aliiweka akiwa bado kijana. Watoto wake wote waliogeshwa kwa maji yale.

Miaka ikapita. Ikafika siku, kila akiwasha kuni, tanki linagonga. Gong! Kimya. Gong, gong! Maji yakaanza kutoka na rangi ya chai. Na tanki lenyewe lilikuwa juu ya chumba walicholala yeye na mkewe. Akaita fundi bomba.

Fundi alipanda darini, akakaa huko muda mrefu, akashuka na vumbi kichwani.

"Mwalimu, boila imeoza na tanki limeliwa na kutu. Na pale pa kutolea mvuke pameziba kabisa. Usiwashe tena mpaka tubadilishe vyote."

"Huwezi kuchomelea tu?"

"Nikiziba hapa, patatoboka pale. Lile litapasuka, Mwalimu."

"Basi ngoja nifikirie kwanza."

Ndugu zangu, alifikiria miezi minne! Wala shida haikuwa pesa, kiinua mgongo chake kilikuwepo. Anaamka asubuhi anasema, leo namwita fundi. Kisha anaona ukuta unabomolewa, dari linafunguliwa, vumbi nyumba nzima. Na jipya je, likiwa bovu kuliko la zamani? Na huyu fundi, si huenda anatafuta kazi tu? Mbona jana halikugonga? Basi anawasha kuni kidogo, anasimama koridoni, shingo ameiinua, anasikiliza. Chakula hakishuki. Mkewe akimuuliza, "Baba, kwani fundi alisemaje?" anajibu, "Alisema tuwe tunawasha kidogo kidogo."

Je, fundi alisema hivyo?

Siku moja akamwambia mkewe, "Tuhamie chumba cha upande wa barabarani, kinapata jua." Wakahamisha kitanda, kabati, mpaka zulia. Tangu hapo Mwalimu akaanza kupata usingizi. Chumba kile cha zamani kikawa cha wageni.

Mwezi wa saba mama yake mzazi akaja kutoka Kyela, kule kwenye joto, amekuja kutibiwa miguu. Bibi wa Kyela kwenye baridi ya Tukuyu! Lazima apate maji ya moto, na lazima apate pa kulala. Mnadhani alipewa chumba gani?

Mwalimu alitaka kusema. Alisimama mlangoni ameshika begi la mama yake.

"Chumba kizuri, mwanangu," mama akasema. "Kina joto joto."

Mwalimu akaweka begi chini, akatoka.

Siku ya tatu asubuhi, kuni zinawaka, jua likachomoza, na mama akaona ni bora akanywe uji wake barazani. Kikombe hakijafika nusu, wakasikia kishindo. Walipofungua mlango wa kile chumba hawakuona kitanda, waliona mvuke. Ulipopungua, wakaona dari lote limeshuka, godoro limelowa maji yanayotokota, na tanki limelala pale kwenye mto.

Mwalimu alikaa chini koridoni akalia kwa sauti. "Asante Mungu! Asante Mungu, mama yangu alikuwa nje!"

Fundi aliitwa aje afunge maji. Alipoona, akasahau hata kusalimia. "Mwalimu, si nilikukataza usiwashe?"

Yule mama, ambaye safari za nyuma aliwakuta wakilala humo, akalitazama tanki. Akamtazama mwanawe. Akamuuliza swali moja tu: "Na wewe, mwanangu, ulihama lini chumba hiki?"

Kesho yake mama akarudi Kyela na miguu yake ile ile.

Wapendwa, msiseme Mwalimu hakuwa na uamuzi. Aliamua! Alichokuwa hajaamua ni kuhusu boila. Kuhusu nani aumie, aliamua siku ile aliyobeba kitanda. Na kinachoniogopesha mimi ni hiki: alikuwa na wasiwasi kweli. Hakula, hakutulia. Akadhani kwa kuwa anahangaika, basi anashughulika. Lakini wasiwasi wake ulimwokoa yeye peke yake.

Sisi je? Mimi najua lililooza maishani mwangu, na wewe unalijua la kwako. Tumeambiwa, tena wazi. Tunakuja hapa kila Jumapili tunaugua, tunasema, Bwana, naliombea jambo hili. Unaliombea, au umeshasogea pembeni, na pale ulipotoka umemweka mke wako? Umewaweka watoto? Mungu hahesabu kuhangaika kuwa ni toba.

Kuna mtu umemficha neno kwa sababu ulishindwa kulisema mlangoni. Sitaki uje mbele leo. Nataka uende nyumbani ukamwambie, kabla hamjala.