Mfudu wa Mbeyu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na ufagio, na uwanja, na mama asiyeambilika.

Basi sogeeni. Wewe Kadzo, toa kidole mdomoni. Na atakayesinzia, shauri yake.

Hapo kale, katika kijiji kilichopakana na msitu, alikuwako mama mmoja jina lake Nyamvula. Alikuwa na binti mmoja tu, Mbeyu, mtoto wa miaka sita. Nyamvula alipenda usafi mpaka ukawa maradhi. Asubuhi anafagia, mchana anafagia, jioni anafagia. Jani likianguka, utadhani kaanguka nyoka.

Lakini nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichaka. Kila nyumba ilikuwa nacho, ndiyo desturi yao. Mtoto akidondoka kitovu, kitovu kinazikwa nyuma ya nyumba, na juu yake unapandwa mti wa msituni, ule ambao ndege wanakula matunda yake. Mti wa Mbeyu ulikuwa mfudu. Kando yake palikuwa na mti wa mkone, na vichaka vya mitunguja, na majani marefu yaliyojaa nyuki.

Ndege waliokaa humo ni shore, na hawakula bure. Msituni lilikuwako zimwi linalomeza watoto. Kila likikaribia, shore walipiga kelele mara tatu:

"Mwenye mwana, shika mwana, mgeni si mtu!

Mwenye mwana, shika mwana, mgeni si mtu!

Mwenye mwana, shika mwana, mgeni si mtu!"

Basi kina mama wanavuta watoto ndani, wanakomea milango, zimwi linarudi na njaa yake. Likakonda weee, mbavu nje. Ndipo likakaa likafikiri.

Siku moja akaja mwanamume mtanashati, kanzu nyeupe pe, mkononi kikapu cha maua mekundu. Alisimama njiani, hakutia mguu uwanjani. Shore wakalia mara tatu.

"Shii!" Nyamvula akawatupia kijiwe. "Hata mwenye kanzu mnamtukana? Karibu, baba."

"Hapa hapa panatosha, mama. Lo, uwanja huu mtu atakula wali chini! Ila hilo pori nyuma, mbona linakuaibisha? Maua yangu hayapukutiki, hayanyauki, hayaleti mdudu. Kata ule mkone, nikupe bure."

Nyamvula akaona haya. Akakata mkone, akapanda ua jekundu. Kweli halikunyauka. Hata nyuki hakuligusa.

Siku ya pili yule mgeni akarudi. Shore wakalia mara mbili tu, kwa kuwa wengine walishahama. "Ng'oa mitunguja na hayo majani, mama." Akang'oa.

Siku ya tatu akarudi. Shore mmoja aliyebaki akalia mara moja, tena kwa sauti ya mgonjwa. "Umebaki mfudu, mama. Ung'oe na mizizi yake."

Mbeyu akaukumbatia ule mti. "Mama, huu wangu! Mama, usiukate!"

"Nyamaza! Kila siku nafagia matunda yake na mavi ya ndege. Utapata ua zuri."

Akaukata. Akachimba mizizi mpaka jembe likatoa udongo mweusi wa pale kilipozikwa kitovu. Mbeyu alisimama akitazama, machozi yanamtoka.

Kesho yake, jua la saa saba, Nyamvula alikuwa jikoni akisonga ugali. Mbeyu alikuwa nje. Hakuna ndege aliyelia. Nyamvula alipotoka kumwita aje ale, aliona unyayo mmoja mkubwa kama ungo, katikati ya uwanja wake safi. Mtoto hakuwapo.

Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Ugali ukapoa, ukatupwa.

Basi mkunga aliyemzalisha akamjia. "Nyamvula, mwanangu, sikufichi. Uliwafukuza wenyewe waliokulindia mtoto. Warudishie chakula chao. Zimwi litarudi, maana limeshaona mlango wazi."

Nyamvula akang'oa yale maua mekundu, akayachoma. Akaingia msituni na kikapu, akaokota matunda ya mfudu, na ya mkone, na ya mitunguja. Akapanda. Jua likaua miche, akapanda tena. Mchwa wakala, akapanda tena. Ufagio akautupa jalalani. Miaka ikapita, nywele zikawa nyeupe, mgongo ukapinda. Nyuki wakaja kwanza, halafu vipepeo, na mwisho kabisa shore.

Siku moja, asubuhi kweupe, kanzu nyeupe ikatokea njiani na kikapu cha maua. Shore wakalia mara tatu, wote kwa pamoja. Safari hii Nyamvula hakutupa kijiwe. Alipiga ukelele, wanakijiji wakatoka na mapanga, wakalikata zimwi likaanguka. Wakalikata kidole cha mwisho, maana zimwi huwaficha humo liliowameza, na watoto wote wakatoka.

Mbeyu naye akatoka. Ni yule yule, wa miaka sita, machozi bado mbichi mashavuni.

"Mwanangu! Njoo nyumbani!"

Mtoto akamtazama huyo bibi kizee. Akatazama kichaka, na nyuki, na mfudu uliojaa matunda. Akatikisa kichwa.

"Si hapa, bibi. Kwetu hakuna mfudu. Mama aliukata. Nilimwona."

Nyamvula akaapa, akalia, akamwonyesha hata jembe lenyewe. Mbeyu akakaa naye, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Akala chakula chake, akamheshimu, akamwita bibi mpaka siku anamzika. Na kila jioni alikwenda nyumba hadi nyumba, akauliza kama kuna aliyemwona mama mmoja mwenye uwanja mweupe.

Na mimi ngano yangu naikomesha papo hapo, chini ya mfudu. Funzo lake ni hili, watoto wangu: mti wa kwenu na ndege wake usiung'oe kwa kusifiwa na mgeni, maana mti utaupanda tena ukaota, lakini si kila ulichokipoteza kitakurudia. Haya, kalaleni. Na Kadzo, kesho asubuhi usifagie kule nyuma.