Firigisi ya Waliotoa Upepo

Hapo zamani, lakini breki zilikuwa zimeshavumbuliwa, aliishi Lushoto mwanamke aitwaye Mama Mbelwa. Siku moja ikawa kesho yake mama yake anatakiwa kushuka Korogwe kutibiwa macho. Na pikapu ya nyumbani, ukikanyaga breki, pedeli inazama kama mguu kwenye tope. Mteremko ule nao hauna simile.

Basi wakaanza kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Mumewe, Hoza, akakaa kukanyaga. Shemeji yake, Shebughe, akalala kando ya gurudumu na spana. Mama Mbelwa mwenyewe akasimama penye boneti iliyo wazi, akiongeza mafuta ya breki kila yalipopungua.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!" Shebughe anafungua skurubu, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. "Achia!"

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. La nne, skurubu ikiwa wazi, mama mkwe wa Hoza, yule mgonjwa wa macho, akaingia uani. Hoza ana adabu zake. Mkwe hasalimiwi mtu akiwa amekaa. Akaruka nje, akainama.

"Shikamoo, mama!"

Mguu umeachia, upepo umerudi ndani.

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Hamna kitu, mama," akasema Mama Mbelwa. "Tunarudia."

Wakarudia mpaka mapovu yakaisha na pedeli ikawa ngumu. Asubuhi, katikati ya mteremko, ng'ombe akasimama barabarani. Hoza akakanyaga, pikapu nayo ikasimama.

Mama mkwe alirudi anaona, akatoa jogoo. "Firigisi mpeni aliyenifikisha."

Firigisi ni moja.

"Yangu hiyo," akasema Hoza. "Mguu uliosimamisha gari ni huu. Na tangu lini firigisi ikampita baba mwenye nyumba?"

"Kaka, mguu huohuo ndio ulioingiza upepo!" akasema Shebughe. "Mimi mafuta yamenidondokea mpaka sikioni. Upepo nimeutoa mimi."

"Ungeutoa wapi, shemeji?" akasema Mama Mbelwa. "Bila mimi, mafuta yangekauka kule juu, mngekanyaga upepo mpaka leo. Na jogoo nimemnyonyoa peke yangu."

"Sawa, mke wangu. Lakini ningebaki nimekaa mama yako anapita, ungeninunia mpaka lini?"

Hilo lilikuwa kweli. Mama Mbelwa akachota firigisi chunguni.

Wanaume wameshanawa, sahani wamezisogeza. Upawa uko mkononi mwa Mama Mbelwa, firigisi imo ndani yake, inapoa. Haya, ninyi mnaocheka: nani aliistahili?