Majani Machungu ya Mteremko

Tumchukue mama mmoja wa milimani, kule kwenye baridi ambako mashamba yamebanana na ng'ombe hafunguliwi kwenda kuchunga. Anashinda bandani, na majani yanamfuata huko huko juu ya kichwa cha mtu. Mtu huyo ni nani? Mnacheka kwa sababu mnamjua.

Mama huyu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na watoto waliokunywa maziwa hayo kabla ya kwenda shule. Kila siku alishuka na mundu kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, akakata majani, akafunga mzigo, akapanda nao. Mteremko ulikuwa mali ya kijiji. Hakuna aliyeutaka kwa kilimo kwa sababu ya mawe.

Sasa, katikati ya majani yale uliota mmea mmoja mdogo wa jamii ya alizeti, ila haukufika hata gotini, na ua lake la njano halikuzidi ukubwa wa kifungo cha koti. Ng'ombe akiula mmea ule, maziwa yanakuwa machungu na watoto wanayakataa. Kwa hiyo mama, kabla ya kufunga mzigo, alichuchumaa akachambua majani kama unavyochambua mchicha. Alipoukuta mmea ule aliuchomoa, akaukung'uta, akautupa pembeni huku akinung'unika kwamba unampotezea muda. Jina lake hakulijua. Aliuita takataka.

Siku moja wakaja watafiti kutoka chuo. Walitembea mteremkoni wameinama, wakapiga picha, kisha wakaomba mkutano wa kijiji. Wakaeleza kwamba ua lile hawajaliona mahali pengine popote, na kwamba likiisha hapa limekwisha duniani. Wakauliza ni nani anayekata majani pale. Mkutano mzima ukageuza shingo kumtazama mama yule.

Hawakumtukana. Mwenyekiti alisema kwa upole kabisa kwamba kuanzia siku hiyo mundu usionekane kwenye mteremko ule. Ukajengwa uzio wa seng'enge, ukawekwa na mlango wenye kufuli. Jirani yake akamtania njiani, akamwambia, "Kumbe shoga yangu ndiye unayemaliza maua ya dunia nzima, na tunavyokuona mpole hivyo."

Mama alicheka naye, lakini alifika nyumbani akiwa na aibu. Aliamini walichosema. Si kweli kwamba alikuwa akiyang'oa kwa mikono yake mwenyewe?

Ikabidi afuate majani bondeni, mbali, na huko kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Karibu na nyumbani alibakiwa na ukanda mwembamba tu nje ya uzio, upande wa chini, akawa anaukwangua ule ule, anachambua pale pale na kutupa pale pale. Haukutosha. Ng'ombe alikonda, maziwa yakapungua mpaka watoto wakawa wanakwenda shule na chai ya rangi. Akaanza kufikiri kumuuza.

Alimuuliza Mungu, na mimi simlaumu. Alimuuliza: ua umelijengea uzio, na watoto wangu je? Nani kati yetu hajawahi kuuliza hivyo? Unaona cha mwenzako kinatunzwa, chako kinaachwa nje, na bado unatakiwa kuja hapa na kuimba.

Mvua zikapita, zikaja nyingine. Watafiti wakarudi. Mwenyekiti akafungua kufuli kwa furaha, wakaingia, na majani yakawafika kifuani. Walitafuta wamepiga magoti, wakiyatenganisha kwa mikono. Walichopata ni vijiti vichache vilivyopauka kwa kukosa jua. Ua hakuna. Mmoja wao akasimama anyooshe mgongo, akatazama chini, nje ya seng'enge. Ukanda mzima ulikuwa wa njano.

Wakaenda nyumbani kwa mama. Walimkuta bandani anazoa mavi, na alipomwona mwenyekiti na funguo mkononi akajua limemfika.

"Mwenyekiti, huko ndani sijaingia," akasema. "Nimekata nje tu. Kama na nje nako ni kosa, niambieni, huyu ng'ombe atoke leo hii."

Mtafiti mmoja, binti wa umri wa kuwa mwanawe, akamwamkia shikamoo, akamwambia hawakuja kumshtaki. Akamwomba amweleze anavyokata majani, hatua kwa hatua. Mama akaeleza, kwa hofu, mpaka lile la kuchambua na kukung'uta. Binti akageuza ndoo, akaikalia. Akasema mmea ule haupendi kivuli, majani marefu yanaunyima jua mpaka unakufa, na mundu ndio uliokuwa ukiufungulia mwanga. Na mimea ile aliyoing'oa ilikuwa imekwisha kukomaa mbegu. Kila alipoikung'uta, alikuwa akiipanda.

Mama akamtazama mwenyekiti, akamtazama binti, akitafuta ni nani anayemfanyia mzaha.

"Mwanangu, mimi nilikuwa naitupa," akasema.

"Basi, mama, tunakuomba urudi ukaitupe."

Kesho yake mlango wa uzio ulikuwa wazi, na mama akaingia na mundu. Majani yalikuwa mengi kuliko alivyoweza kubeba.

Sasa tusikilizane. Msitoke hapa mkasema mama yule alikuwa na moyo wa kupenda maua. Hakuwa nao. Alitaka maziwa. Ua lilikuwa linamkera, na kazi ya kuchambua aliifanya akinuna. Lakini Mungu hakungoja anune au acheke. Aliichukua kazi ile ile, ya mtu yule yule mwenye haraka, akalinda nayo kitu ambacho dunia nzima haikuwa nacho kwingine.

Na sisi je? Umemwamsha mtoto leo kwa ukali, ukamrudisha mlangoni akamsalimie bibi yake vizuri, kisha ukasahau. Umemwogesha mama mkwe aliyepooza, na hukuimba pambio lolote wakati unamwogesha. Ulikuwa unawaza mboga. Jioni unajiambia siku imekwisha na hujafanya lolote la maana. Nani amekuambia? Ulikuwepo wakati mbegu zinaanguka, ila macho yako yalikuwa kwenye mzigo.

Sisemi uchovu ni baraka. Uchovu ni uchovu, na ukipata mtu wa kukupokea mzigo, mpe. Wala sisemi kila anayekukata anakujenga, maana yako mapanga yanayomaliza mtu, na hayo yakimbieni. Nasema tu kwamba tunamshukuru Mungu kwa vile tulivyokusudia na vikafanikiwa, na hivyo ni vichache. Vile alivyovifanya kwa mikono yetu bila sisi kujua ni vingi kuliko hivyo, na hatujamshukuru hata kimoja, kwa sababu hatuvijui.

Tuna wa kuwashukuru pia. Kuna mtu alikulea bila maneno matamu, pengine mama wa kambo, pengine shangazi mwenye mdomo. Hakukusudia uwe kitu. Alitaka vyombo vioshwe. Lakini ulipata mwanga, ukakua, leo umekaa hapa. Kama bado yu hai, mpigie simu. Asipoelewa unamshukuru kwa lipi, usimweleze sana. Mwambie asante, umuulize hali ya miguu yake.

Tusimame. Leo tusiombe kitu. Tuseme asante kwa yale tusiyoyaona, kisha twende tukapike.