Kikombe Kilichoita Pongo

Jamani, kaeni vizuri, hii habari inatisha. Kulikuwa na mwongoza wageni mmoja kwenye kambi ya watalii, kando ya msitu. Kila asubuhi alimwaga chumvi kwenye uwazi katikati ya miti, kisha akagonga kikombe chake cha bati kwa kijiko, ngo, ngo, ngo. Basi pongo walitoka! Swala waoga wale wa msituni, wanaotimua mbio hata tawi likivunjika, walikuja wenyewe wakapigwa picha. Jike mmoja mwenye sikio lililochanika alilamba chumvi kiganjani mwake. Ilimchukua miaka kuwazoesha hivyo, na aliwapenda kweli.

Ikaja korona. Ndege zikasimama, wageni wakapotea, kambi ikafungwa. Mwongoza wageni na mpishi wa kambi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Askari wa msitu nao wakapunguzwa. Kikombe kikabaki kimetundikwa jikoni kambini, na ufunguo alibaki nao mpishi.

Kwa mwongoza wageni watoto wakawa wanalalia uji mwembamba. Mnaikumbuka hali ile, au mmeshasahau? Jioni moja mpishi akapiga hodi, ana nyama kwenye jani la mgomba.

"Shemeji, pokea," akamwambia mke wa mwenzake. "Mjomba amechinja mbuzi."

Wiki iliyofuata mjomba akachinja tena. Na iliyofuata! Hivi, mjomba gani huyo, enyi watu? Lakini mwongoza wageni aliinamisha kichwa, akafumba macho, akaomba, "Bwana, asante kwa kumgusa ndugu yetu." Watoto wakaitikia Amina, wakala, wakashiba.

Ugonjwa ukapungua, kambi ikafunguliwa. Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima. Walipofika kwenye uwazi, pongo walikuwa hawaonekani, isipokuwa yule jike mwenye sikio lililochanika, anakula majani kule mwisho, peke yake. Mwongoza wageni machozi yakamlengalenga kwa furaha. Akamwaga chumvi, akanyoosha kiganja, akagonga kikombe.

Yule mnyama aliruka kama amemwagiwa maji ya moto! Akaingia msituni, asionekane tena.

"Mbona anakukimbia?" mgeni akauliza.

Mwongoza wageni alimwacha mgeni palepale. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mpishi.

"Umewafanya nini pongo wangu?"

"Niligonga kikombe, kaka," mpishi akasema, kichwa chini. "Sikuhitaji hata mtego. Walikuja wenyewe, na mimi nimeshika panga."

"Ulisema ni mbuzi! Ulinidanganya!"

Mpishi akainua macho. "Kaka, wewe umezaliwa kando ya msitu huu. Ina maana nyama ya pongo huijui? Basi mbona hata siku moja hukuniuliza?"



Ndugu zangu, mnamkasirikia mpishi? Haya, mkasirikieni, ana kosa. Lakini sisi tulikuwa wapi? Tulinawa mikono, tukavaa barakoa, tukawaombea wagonjwa, vizuri kabisa. Nani kati yetu aliuliza, wale waliokuwa wakila kwa kutunza msitu, sasa wanakula nini? Ugonjwa ulikuwa wa watu, waliokwisha ni pongo! Viumbe wa Mungu walioitwa na sauti waliyoiamini, wakachinjwa kwa sauti hiyohiyo. Na njaa ile ilikuwa jirani yetu, hatukuipelekea hata kisahani cha unga.

Mimi simlaumu baba kwa kulisha watoto. Namshangaa aliyefumba macho mbele ya sahani, akaita kule kufumba macho sala. Na sisi tunafanya hivyohivyo, msinitazame hivyo! Samaki wachanga, mkaa wa msitu uliokatazwa, vinaingia majumbani mwetu, tunashukuru, tunakula, hatuulizi.

Leo mchana mkikaa mezani, ombeni. Ila ombeni macho yakiwa wazi, na kabla hamjasema Amina, ulizeni kimetoka wapi.