Chonge la Mshonaji

Wapendwa, nisikilizeni kidogo. Palikuwa na mama mmoja mshonaji, mjane, aliyelisha watoto wake kwa cherehani. Jino lake la chonge la juu likatoboka, likaanza kumuuma.

Akataka kwenda kuling'oa. Jirani yake akaruka: "Wee shoga! La juu haling'olewi! Mshipa wake umefungwa kwenye jicho. Ling'oe, uje utunge uzi kwa kupapasa!"

Je, mshonaji bila macho atakula nini? Mama akaweka karafuu, akavumilia. Siku moja akaamka, maumivu hayapo. Akacheka peke yake. Jirani naye, "Si nilikwambia?"

Basi likawa jino la amani, hata akalisahau. Lakini asubuhi moja shavu lilivimba, na jicho la upande ule likawa halifunguki vizuri. Akakimbilia zahanati.

Daktari wa meno akaligonga chonge kwa kichuma chembamba. "Unasikia?"

"Hata kidogo."

"Basi limeshakufa, mama."

Yule mama akashangaa. "Limekufa, na uso unavimba?"

"Ndani yake mmeoza. Usaha umekosa njia ya kutokea, sasa unapanda."

"Huwezi kuliziba?"

"Lilipoanza kuuma ningeliziba. Sasa mzizi umepasuka. Hili ni la kutoka."

Mama akafunika mdomo kwa kanga. "Na jicho langu, daktari?"

"Jicho ndilo ninalolipigania! Kung'oa jino hakuligusi. Kuliacha jino ndiko kutakakolimaliza."

Kumbe muda wote mama alikuwa akililinda jicho kwa kumfuga adui yake! Akateremsha kanga, akafungua mdomo.

Ndugu zangu, msimcheke. Sisi je? Wangapi tumeketi hapa tuna neno na ndugu wa tumbo moja, na hatulisemi? Tunajiambia, nikilitoa, undugu utavunjika. Mwanzoni lilituuma, usingizi hatukupata. Siku hizi tunapishana njiani bila salamu na wala hatushtuki, tukadhani Mungu ametuponya.

Tumepona, au tumekufa ganzi?

Kulitoa kutauma, sikudanganyi. Labda utalia mbele ya ndugu yako. Lakini undugu unaoogopa kuupoteza ndio huo unaoliwa sasa hivi, kimyakimya, nawe umeketi hapo umetulia. Leo tukitoka hapa, usipitie nyumbani kwanza. Nenda kwake.