Mapaa Kumi na Tisa

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, yaani shida ya mahali huijua anayeishi pale. Datius aliikariri methali hiyo shuleni, akapata alama zote, kisha akaisahau siku alipopewa kiti cha kuzunguka.

Alikuwa mtaalamu wa ramani katika ofisi moja mjini Bukoba. Alihesabu nyumba kwenye picha za setilaiti, ili kila kitongoji kipelekewe dawa ya kupulizia mbu kwa kiasi chake. Kitongoji kimoja karibu na Nshamba alikiona kina mapaa kumi na tisa. Kwingine kote ni kijani, akaandika: shamba.

Kokugonza, mhudumu wa afya wa kitongoji hicho, alimfuata ofisini na simu yake mkononi. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiweka nukta kwenye ramani ya simu hiyo kila mlangoni. Zilifika sitini na moja.

“Waitu, nyumba zetu zimo ndani ya vibanja,” alimweleza kwa heshima ya Kihaya. “Migomba imezifunika. Hata yangu haionekani.”

“Mama, setilaiti haidanganyi,” Datius alijibu bila kuinua macho. “Nyie mnaongeza nyumba ili mpate dawa nyingi.”

Kijana wa Kashozi huyo, aliyelelewa chini ya migomba hiyohiyo, anamwita mwongo mama aliyepasuka nyayo kwa kutembea! Hasira gani hiyo ya kumeza? Kokugonza aliimeza, akarudi kwake.

Dawa ilikuja ya nyumba kumi na tisa. Wapuliziaji waliipita nyumba yake kwa kuwa haikuwa kwenye orodha. Mvua zilipokolea, malaria ikampanda kichwani mjukuu wake Lilian. Alikata roho juu ya pikipiki, njiani kuelekea hospitali ya Rubya.

Baada ya mazishi Datius alitumwa na ofisi kuhakiki idadi ya nyumba. Kokugonza hakumpa hata punje ya kahawa ya kutafuna, na kwa Wahaya mgeni asiyepewa kahawa anajua amepokelewaje. Alimwongoza nyuma ya nyumba, kibanjani, hadi kwenye tuta la udongo mbichi.

“Inua macho. Unaliona anga?”

“Silioni, mama.”

“Basi na setilaiti yako haikuoni. Weka nukta hapa. Andika Lilian, miaka minne.”

Datius aliandika. Kisha alitembezwa milango yote sitini na moja, Kokugonza akiwa mbele. Dawa ya kutosha ingekuja mwezi uliofuata, lakini Lilian asingerudi.

Kwenye mlango wa mwisho Kokugonza alimgeukia.

“Andika na hili kwenye ramani yako, mwanangu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.”